Mlango Tuliohama Nao

Siku tulipohama Kariakoo kwenda Mwanza, nyumba tuliyoiacha ilibaki bila mlango wa mbele. Mlango ulikuwa juu ya mkokoteni, umelazwa chali, umefungwa kwa kamba za katani pamoja na kitanda, masufuria na kinu. Majirani walitoka barazani kututazama, na wengine walicheka waziwazi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, hakucheka. Alisimama katikati ya fremu tupu, mikono imeshika miimo huku na huku, na nyuma yake uliona moja kwa moja mpaka uani, mpaka kwenye kamba ya nguo.

Nilimtazama hadi tulipokata kona. Nilitaka nimwone vizuri ili sura ile nisije nikaisahau. Sijaisahau.

Mtu akisikia kwamba mwanamke amehama na mlango wa nyumba, atasema mwanamke huyo ana wazimu. Kwa hiyo nianze panapostahili kuanzwa.

Nyumba ile ilikuwa upande wa Kariakoo unaoelekea Msimbazi, nyumba ya vyumba sita kama zilivyokuwa nyingi miaka ile ya hamsini: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko na choo. Kuta zilikuwa za miti na udongo, zimepakwa chokaa kwa nje. Aliijenga baba mkwe wangu, na alipofariki aliwaachia wanawe wawili, mume wangu na dada yake. Wifi alikuwa mkubwa kwa umri. Alikuwa ameachika zamani, hakujaaliwa mtoto, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Asubuhi alikaanga vitumbua barazani, na kabla jua halijapanda alikuwa amekwisha kujua kila apitaye anatoka wapi na amegombana na nani. Mume wangu alikuwa karani katika duka la jumla la vitambaa la Mhindi mmoja, upande wa pili wa Mnazi Mmoja. Ni mtu mpole. Mama yao alikufa mapema na wifi ndiye aliyemlea. Hilo nalitaja kwa haki, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mume wangu alilitaja kila nilipofungua mdomo kulalamika.

Baba yangu alikuwa seremala Bagamoyo. Wakati wa posa alikuja Dar es Salaam kuiona nyumba nitakayokaa. Alipokewa vizuri, akapewa chai na vitumbua, lakini alichokitazama yeye ni mlango. Ulikuwa wa mbao za makasha, umepigiliwa bati la madebe yaliyopigwa bapa, na ulifungwa kwa kamba. Aliomba kipande cha uzi, akapima fremu kwenda juu na kwenda upande, akafunga mafundo, akautia uzi mfukoni. Alipofika nyumbani akamwambia mama, "Mwanangu hatalala nyuma ya debe."

Kwetu bibi harusi huenda kwa mumewe na vyombo vyake. Havibebwi kimyakimya. Hubebwa na wanawake mchana kweupe, kwa nyimbo na vigelegele, mtaa mzima uone, ili siku ya siku asitokee mtu wa kusema hakuona. Vyombo alivyoingia navyo mwanamke ni vyake, akikaa ni vyake na akiondoka ni vyake. Wenzangu walipelekewa vitanda vya besera, makabati ya vioo, seti za vikombe. Baba hakuwa na uwezo huo. Alikuwa na mbao za mvule alizozitunza miaka mingi uvunguni mwa kitanda, na kutokana nazo akatengeneza mlango. Ulikuwa mzito, ukingoni umechongwa mnyororo, na ndani ya ubao alichimba nafasi akazamisha kitasa kikubwa cha chuma. Alikizamisha kwa namna ambayo ukitaka kukitoa utaupasua ubao. Huko ndiko kujisifu kwake. Maneno hakuwa nayo.

Siku ya vyombo, wanawake wa kwetu waliupokea mlango ulipoteremshwa kwenye lori, wakaubeba mabegani kupita mitaa ya Kariakoo. Mbele alikwenda somo yangu, yaani mwanamke aliyenifunda, akiongoza nyimbo. Walipoufikisha barazani, wifi aliuzunguka akachungulia nyuma yake kana kwamba kuna kitu kingine kimefichwa. Hakuona kitu. Akapiga makofi, akaimba:

"Bibi harusi kaja na ubao,
kitanda kimebaki kwao!"

Watu walivunjika mbavu. Na wimbo mfupi wenye vina haufi upesi Kariakoo. Watoto waliurukia kamba mwaka mzima. Nikienda sokoni nilisikia nyuma yangu, "Huyo, mke wa ubao." Wifi mwenyewe akitaka maji alisema, "Ubao wee, mtungi mtupu!" Bibi harusi mgeni hujibu kwa ufagio, nilifagia.

Lakini debe liliondolewa na mlango wa baba ukawekwa bawaba kwenye ile fremu, ukaingia bila kukwaruza popote. Na aliyeucheka ndiye aliyewahi ufunguo. Aliufunga kwenye pindo la kanga yake. "Mkubwa wa nyumba ndiye hushika ufunguo," alisema, na mume wangu akatazama chini.

Hayo yote ningeyasamehe, naamini. Wifi na mke wa kaka hawakosi maneno, na wimbo ni wimbo. Lililofuata sikulisamehe.

Baba alifariki Bagamoyo mwanangu wa kwanza akiwa tumboni. Mama alikaa eda, akaimaliza, na alipoimaliza akapanda lori kuja kumwona mjukuu ambaye alikuwa hajamtia machoni. Hakukuwa na namna ya kunipa habari. Alifika mchana, na kikapu chake, na mkeka, na kuku amefungwa miguu. Mimi nilikuwa sokoni na mtoto mgongoni. Wifi alimwona kwa dirisha akija. Alimjua vizuri kabisa. Alikwenda mlangoni, akafunga kwa ufunguo.

Mama alibisha hodi.

"Hapa si nyumba ya kulelea wajane," wifi alimjibu kutoka ndani. "Nani atatufuata kesho, shangazi zako?"

Mama akaketi juu ya baraza. Jua la saa zile upande ule halina kivuli. Baraza lote huwaka. Alikaa hapo tangu adhana ya adhuhuri mpaka ya alasiri ikakaribia. Jirani wa mbele alimwita akae kwake, akakataa, akasema amekuja kwa mwanawe. Nilipotokea na kikapu cha samaki nilimkuta ameegemea ule mlango, ushungi umelowa jasho, kuku amekwisha kufa kwa joto.

"Umefika saa ngapi, mama?"

"Sasa hivi tu, mwanangu. Hata sijapumua."

Ni jirani aliyenieleza ukweli, jioni, kwa kunong'ona kwenye ua wa makuti. Mama hakula chakula cha nyumba ile. Alimshika mjukuu wake, akamtazama vidole vya miguu kimoja kimoja, na kesho yake alfajiri akasema anarudi Bagamoyo. Nilimsindikiza mpaka kwenye malori. Alipokuwa anapanda aligeuka akaniambia, bila hasira, kama mtu anayetoa habari:

"Mlango wa baba yako unafunga vizuri."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Nilipika nayo na kufua nayo. Sikumwambia wifi kitu, na naye alipoona sisemi akadhani yamepita. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua: mkono ule hautaufunga tena mlango ule, wala juu ya mama yangu wala juu ya mtu mwingine. Nilichokosa ni njia.

Njia aliileta mwenye duka. Alikuwa anafungua tawi Mwanza, kwa sababu wakulima wa pamba huko walikuwa wananunua vitambaa, akamtaka mume wangu akalisimamie. Mume wangu alirudi na habari hiyo amekunja uso. Hakuwahi kulala nje ya Dar es Salaam hata usiku mmoja. Mimi niliuliza maswali mawili tu: treni inaondoka lini, na mzigo wa abiria wanaupakiaje.

Nikaanza kupanga. Mimi huwa napenda kila kitu kiwe mahali pake. Niliigawa sakafu ya chumba chetu: huku vya kwenda, huku vya kuwapa watu, kule vya kuuza. Kitanda kilikwenda. Kinu kilikwenda, ingawa mume wangu alisema hata Mwanza vinu vipo. Mtungi niliugawa kwa sababu usingefika mzima. Sahani nilizifunga ndani ya kanga, katikati ya nguo za mtoto.

Siku moja nikiwa nazifunga hizo sahani nilisikia sauti ukumbini. Wifi alikuwa na mgeni, mfanyabiashara Mchagga aliyekuwa amehamia Kariakoo karibuni na mkewe, akiuza vitunguu na maharage kwa jumla. Alitaka vyumba vyetu viwe ghala.

"Gonga," wifi alikuwa anamwambia. "Gonga kwa nguvu, usiogope. Huo ni mvule. Mwizi atazeeka hapo nje aache na wosia."

Mgeni akagonga. Nilisikia ubao ukiitika, sauti nene ninayoijua tangu karakana ya baba.

"Mzuri," akasema. "Bila mlango kama huu nisingeweka gunia hata moja. Ufunguo?"

"Ninao mimi, kaka. Hautoki kiunoni."

Niliiweka sahani chini. Mlango wa baba ungemletea mpangaji. Angekula kwa mlango ule, alioucheka, alioufunga usoni mwa mama yangu, na angeendelea kula mimi nikiwa mbali. Jioni ile, mume wangu alipouliza kama vya kwenda vimekamilika au bado, nikamwambia, "Bado mlango."

Alidhani anasikia vibaya. "Mlango gani?"

"Wa mbele."

"Bibie, mlango ni sehemu ya nyumba. Mtu hahami na mlango."

"Kitanda nilichokuja nacho ningehama nacho?"

"Ndiyo."

"Basi sikuja na kitanda. Dada yako ameimba."

Mume wangu hajui kuficha jambo. Kesho yake wifi alikuwa amekwisha kuambiwa, na kabla ya alasiri alikuwa amekwisha kumwita mzee wa mtaa na majirani. Walikaa barazani kwetu. Mzee wa mtaa alikuwa mtu wa kuchoka haraka, na alikuja na birika lake la udhu mkononi, ishara kwamba hakusudii kukaa.

Wifi alianza. "Wazee wangu, huyu mwanamke anataka kubomoa nyumba ya marehemu. Leo mlango. Kesho atapanda juu atoe bati. Kesho kutwa atafukua choo aende nacho Mwanza."

Watu wakacheka. Wifi alijua kuchekesha, hilo sitamnyima.

"Mlango ni wa nani?" mzee akauliza.

"Wa nyumba. Baba yangu aliununua."

"Kwa nani?"

"Kwa fundi."

"Fundi yupi?"

"Mzee nawe! Fundi tu. Mafundi wamejaa tele."

Mimi sikuwa nimesema neno. Nilikuwa nimemwalika mtu mmoja tu, somo yangu, aliyekuwa mjini siku zile, na alikuwa ameketi pembeni anatafuna tambuu. Akatema, akajifuta mdomo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mimi sina maneno mengi. Nina wimbo." Akapiga makofi, akaimba kwa sauti yake ya kuongozea harusi: "Bibi harusi kaja na ubao…"

Akanyamaza hapo. Nje, nyuma ya mgongo wa wazee, watoto waliokuwa wanacheza barabarani wakamalizia bila kuombwa, wote kwa pamoja: "Kitanda kimebaki kwao!"

Baraza zima liliangua kicheko. Safari hii nilicheka na mimi.

"Wifi wa mwanangu," somo akasema, "wimbo huu nimeutunga mimi?"

"Ulikuwa mzaha," wifi akajibu.

"Mzaha wa kweli au wa uongo? Kama bibi harusi hakuja na ubao, basi ulimsingizia mbele ya watu, na leo umtake radhi. Kama alikuja nao, tuache twende tukapike."

Wifi alifungua mdomo, akaufunga. Nilikuwa sijapata kuona jambo hilo. Miaka yote ile alikuwa akitangaza mtaani, bila malipo, kwamba mlango ni wangu. Angekuwa ameninyamazia siku ile ya vyombo, leo ningekuwa na nini cha kusema? Wabebaji walikuwa watu wa kwetu, angewaita waongo. Lakini wimbo ulikuwa wake, na mtaa mzima ulikuwa shahidi.

Mzee wa mtaa akainua birika lake. "Mimi mwenyewe nilikuwepo nikacheka, Mungu anisamehe. Mlango ni wa huyu binti. Fremu aliikuta, aiache." Akaondoka kuwahi sala.

Mume wangu alinifuata uani. "Umeshinda," akasema. "Mtaa mzima umesikia. Sasa uuache. Ameaibika, inatosha."

"Mama yangu alikaa juani kwa muda gani?"

Alishika kamba ya nguo, akaiachia.

"Unaona? Hujui. Basi na mimi sijui inatosha lini."

Akaenda kumsaidia dada yake kuteka maji. Kwa siku zilizobaki hakuzungumza nami ila kuhusu kamba na makasha.

Asubuhi ya safari, fundi niliyemwita alikuja na bisibisi na nyundo. Alikuta mlango umefungwa kwa ufunguo. Wifi alikuwa amepita mlango wa uani, amezunguka, ameketi barazani anakaanga vitumbua vyake kama siku zote.

"Mama, tunaomba ufunguo," fundi akasema.

Wifi aligeuza kitumbua. "Mzee alisema mlango. Na fremu alisema. Ufunguo alisema?"

Fundi akanitazama. Nilimwambia aingie kwa uani, afungue bawaba kwa ndani. Akafanya hivyo. Mlango uliponing'inia akauvuta kwa upande wa bawaba, polepole, kitasa kikachomoka kwenye tundu lake la fremu, na mlango ukatoka. Lakini ulitoka umefungwa: ulimi wa chuma wa kitasa ulikuwa umechomoza nje ya ubao, mrefu kama kidole, na bila ufunguo haurudi ndani.

"Umetutolea ulimi," fundi akasema.

Hapo wifi alicheka, nusu ya mtaa ikacheka naye. Alicheka mpaka tulipoupakia na akageuka akaona kilichobaki: pengo, na mwanga umeingia mpaka uani, na kila mpita njia anageuza shingo kutazama ndani ya nyumba yake. Yule mfanyabiashara wa vitunguu alikuwa amekuja kuangalia kama vyumba viko tayari. Alisimama akalitazama pengo, akamtazama wifi, akasema atarudi baadaye. Kwa namna alivyovaa kofia yake nilijua hatarudi, na hakurudi. Ndipo wifi alipokwenda akasimama ndani ya fremu na kuishika, kama nilivyosema mwanzo.

Mume wangu aliagana naye. Alimshika mikono yote miwili. Sikusogea karibu.

Hamali aliyesukuma mkokoteni alikuwa Msukuma, na sisi watu wa pwani ni watani wao. Tulipokata Mnazi Mmoja kuelekea stesheni hakuweza kujizuia. "Mlango? Nyie watu, mnadhani kwetu Mwanza tunalala wazi?"

"Huu ni wa kuwafungia nyie nje," nikamjibu.

Alicheka hadi akasimamisha mkokoteni. Ndicho kicheko pekee tulichopata njiani siku ile. Pale stesheni karani wa mizigo aliuliza kama mlango ni mali mpya au kuukuu, na nyumba yake iko wapi. Mume wangu akasema, "Iko nyuma yetu," akaenda kutafuta mahali pa kukaa.

Mwanza ni mji wa mawe. Tulipanga nyumba chini ya mlima, ya tofali, ina mlango wake, na fremu yake ni nyembamba. Baba alikuwa amepima kwa uzi fremu moja tu duniani. Niliuegemeza mlango ukutani katika chumba cha nyuma. Mume wangu alisema tuite fundi akikate kitasa, au aupunguze upande mmoja, uwe hata meza. Nilikataa. Nipasue kazi ya baba yangu kwa sababu ya ufunguo ulio kiunoni mwa yule mwanamke? Ningekuwa nimemkabidhi ushindi mwenyewe, kwa patasi.

Vitambaa vya duka vilikuja kwa treni, na mara kwa mara walikuja na watu waliotoka Kariakoo. Kila mmoja nilimkaribisha chai, na nilikuwa na maswali yangu.

"Ameweka mlango?"

"Hapana. Ametundika jamvi."

"Wapangaji?"

"Nani aweke mali nyuma ya jamvi? Yuko peke yake."

"Na mvua?"

"Inaingia."

"Mpaka wapi?"

"Ukumbini. Hata vyumba vya mbele."

Siku ya habari hizo nilipika pilau. Sitaandika hapa kwamba nilihuzunika, kwa sababu sikuhuzunika. Mmoja aliniambia kwamba watu walimshauri mara nyingi atengeneze mlango mwingine, hata wa debe, na fundi mmoja alijitolea mbao. Alikataa. Alisema mlango wake uko safarini. Nilimwuliza yule mgeni alilisema vipi, kwa kucheka au kwa kununa. Alifikiri, akasema hakumbuki.

Mama alikuja Mwanza. Nilikuwa nimelisubiri hilo kuliko kitu chochote. Nilimpeleka chumba cha nyuma siku ile ile, kabla hajanawa miguu, nikamwonyesha. Nilitaka aseme neno. Alipapasa mnyororo wa ukingoni, akafika kwenye ulimi wa kitasa, akaugusa kwa kidole kuona kama unaingia. Hauingii. Akavua kanga yake iliyolowa jasho la safari, akaitundika pale kwenye ulimi ikauke, akaenda jikoni kuuliza kama nina nazi. Muda wote aliokaa kwetu aliutumia ulimi ule kama msumari wa kutundikia nguo. Mlango wenyewe hakuutaja tena.

Kisha ikaja simu ya maandishi dukani kutoka posta, mume wangu akaniletea habari amesimama mlangoni bila kuingia: dada yake amefariki. Alikwenda kuzika peke yake. Mimi nilibaki na watoto. Nilisema sababu ni watoto.

Aliporudi alikuwa amekonda. Alinieleza mazishi, nani alikuja, nani aliosha maiti, nani alifungua pindo la kanga yake. Alisema jeneza halikupata shida ya kutoka, maana palikuwa na jamvi tu. Alilisema taratibu, na hakuniangalia. Halafu akaenda chumba cha nyuma akavua koti lake la safari, akalitundika kwenye ulimi wa kitasa, kama alivyozoea kufanya mama. Nililiona kutoka ukumbini. Upande mmoja wa koti ulikuwa umevutwa chini na kitu kizito mfukoni.

Kesho yake nilipolichukua kulifua, mfuko ulikuwa mtupu.

Sikumwuliza, naye hajasema. Amezeeka sasa, yuko nje ameketi kivulini, nasikia redio yake. Mlango bado uko chumba cha nyuma, na ulimi bado uko nje.